Shahada ni Ushuhuda, na Ushuhuda Una Shahidi

Kijana mmoja kutoka Pangani alinijia ofisini akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Baada ya "shikamoo mwalimu" na habari za nyumbani, alitoa karatasi yenye muhuri na neno STASHAHADA kwa herufi kubwa. Alitaka kuomba nafasi ya shahada ya kwanza, lakini mfumo wa maombi ulimdai AVN, yaani namba ya uhakiki wa tuzo ambayo NACTVET huwapa wahitimu wa stashahada. Hakuwa nayo, wala hakuwa na njia ya kuipata. Chuo alichosoma kilikuwa kimesajiliwa, ila kozi aliyosomeshwa haikuwa na ithibati katika ngazi hiyo. Miaka mitatu ilikuwa imekwenda, na baba yake alikwisha kuuza sehemu ya shamba la minazi kulipa ada.

Nimelifikiria jambo hili tangu siku ile, na ninaamini kosa halikuanzia chuoni peke yake. Lilianzia pia katika lugha yetu. Sisi watu wa Mrima tuna neno moja tulilolibebesha mzigo mzito mno, nalo ni chuo. Wazee wetu walikiita kitabu chuo, na hadi leo mtoto wa Tanga "anakwenda chuoni" akiwa na juzuu kifuani. Neno hilohilo tumelipa VETA, chuo cha ualimu cha Korogwe, tawi la Tanga la Chuo cha Utumishi wa Umma, Chuo cha Uongozi wa Mahakama kule Lushoto, na chuo kikuu. Mzazi akisema barazani kuwa mwanawe yupo chuo, wote wanamshukuru Mungu pamoja naye, na hakuna anayeuliza ni chuo gani na atatoka na nini.

Lugha hiyohiyo, hata hivyo, inatupa dawa. Shahada ni ushuhuda, na kila ushuhuda huulizwa maswali matatu: shahidi ni nani, anashuhudia nini, na mbele ya nani ushuhuda wake unapokelewa? Mwenye kuyauliza maswali hayo kabla ya kulipa ada hatapotea kirahisi.

Kwanza, shahidi. VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na mafunzo ya ufundi stadi hutuzwa kwa ngazi tatu, NVA I hadi III. Elimu ya ufundi ya vyuo vya kati ipo chini ya baraza lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997 likiitwa NACTE, ambalo sasa ni NACTVET. Hapo tunakuta NTA ngazi ya 4 na ya 5, ambazo ni astashahada, na ngazi ya 6, ambayo ni stashahada. Vyuo vikuu husimamiwa na TCU, iliyoanza kazi mwaka 2005. Chuo kusajiliwa ni jambo moja, na kozi fulani kuwa na ithibati ni jambo la pili. Kijana wangu wa Pangani aliuliza la kwanza, akadhani amejibiwa na la pili.

Pili, kinachoshuhudiwa. Ingia zahanati yoyote ya Mkinga au Pangani. Anayekupima malaria na kukuandikia dawa huenda ni tabibu mwenye stashahada ya miaka mitatu. Daktari husoma miaka mitano ya chuo kikuu, kisha mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini. Vyeti vyao vinashuhudia kazi mbili zinazohitajiana, kila moja ikiwa na kina chake na mipaka yake. Anayemwona tabibu kuwa daktari aliyeishia njiani hajaelewa kwamba bila yeye vijiji vyetu vingi visingekuwa na wa kuvihudumia.

Tatu, mlango unaofunguka. Mfano mzuri upo milimani kwetu. Chuo cha Lushoto hutoa astashahada na stashahada ya sheria, na wahitimu wake hufanya kazi muhimu katika mahakama zetu. Lakini astashahada hiyo haimfanyi mtu kuwa wakili. Hata shahada ya sheria ya chuo kikuu haimfanyi, kwa kuwa mwenye nayo hutakiwa kupita katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na huko hutunukiwa stashahada ya uzamili. Angalia basi: ipo stashahada inayotangulia shahada, na ipo inayoifuata. Asomaye neno moja tu kwenye cheti hajasoma cheti.

Milango hiyo haijafungwa kwa aliyeanzia chini. Mwenye stashahada yenye wastani wa alama 3.0 na ufaulu usiopungua D nne za kidato cha nne ana sifa za chini za kuomba shahada ya kwanza, ingawa kozi nyingi huongeza masharti yao. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza pia kuwakopesha wanafunzi wa stashahada katika fani chache teule. Njia ya kupitia chuo cha kati ni ndefu, lakini ni njia halali, ilimradi kila kituo kiwe na shahidi anayetambulika.

Najua watumishi wa umma wanaosoma hapa watanijibu: "Mwalimu, maneno yako ni mazuri, lakini muundo wa utumishi unapanga mshahara kwa cheti, na bila shahada mtu hubaki alipo." Ni kweli, na silipingi. Serikali ikiendelea kulipa jina la cheti kuliko kazi inayofanyika, wazazi wataendelea kuuza minazi kununua majina. Hata hivyo, tazameni Chongoleani. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia hapo kwetu. Kuliunganisha kunahitaji wahandisi wenye shahada, na kunahitaji vilevile mafundi wa kuchomelea ambao umahiri wao umepimwa na kuthibitishwa. Kijana aliyekimbilia shahada yoyote ili tu asiitwe fundi hana alichokishika siku kazi inapotangazwa.

Ninayoyadai hayahitaji bajeti kubwa. Kila halmashauri ya mkoa huu ibandike kwenye ofisi za kata, mara matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, orodha ya kozi zenye ithibati katika vyuo vinavyochukua vijana wetu, kila kozi na ngazi yake. Walimu wakuu wawaite wazazi na kuwasomea orodha hiyo. Waajiri waandike katika matangazo yao ngazi wanayoitaka badala ya kuandika "aliyemaliza chuo". Nanyi wanafunzi wangu, mkirudi likizo vijijini, kaeni na wadogo zenu muwaeleze maswali yale matatu. Mnayo elimu hiyo, na haiwagharimu kitu.

Kijana wa Pangani ameanza upya katika ngazi ya 4, kwenye kozi yenye ithibati. Safari hii alikuja na barua ya udahili kabla hajalipa, tukaihakiki pamoja. Baba yake alikuwa naye. Mzee yule aliniuliza swali moja tu, ambalo bado sijapata jibu la kumridhisha: "Mwalimu, haya yote yalikuwa yanajulikana. Kwa nini hakuna aliyetuambia?"