Mbachao na Msala Upitao

Wewe usomaye maneno haya, bila shaka umepata kumsikia mtu akisema kwa hasira, "Fedha zimekwisha kutumika; kwa nini kitu chenyewe kisitumike?" Husemwa hivyo barazani, husemwa ndani ya basi, nami nimeyasikia hata katika chumba cha walimu, ambako watu hudhaniwa kuwa wamesoma hesabu. Ni maneno yaliyovaa joho la busara. Mimi nayapinga, na shahidi wangu ni garimoshi moja la Ulaya lililoitwa Fyra, ingawa moshi halikuwa nao, kwa kuwa liliendeshwa kwa umeme.

Tangu mwaka 1957 magarimoshi yalikuwa yakienda baina ya Amsterdam, katika Uholanzi, na Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Miaka ilivyopita hayakuwa tena ya fahari, wala hayakuwa ya kasi. Lakini mtu aliweza kufika stesheni bila kumwarifu yeyote, akakata tikiti, akapanda garimoshi lililofuata. Yalisimama The Hague, mji unaokaa serikali ya Uholanzi, na katika miji mingine midogo ambayo wewe nami hatuna haja ya kuitaja, ila wakazi wake walikuwa na haja kubwa ya garimoshi hilo.

Kisha Waholanzi wakajenga reli mpya ya mwendo wa kasi kwa gharama ipatayo euro bilioni 7. Mwaka 2004 mashirika ya reli ya nchi hizo mbili yakaagiza magarimoshi 19, yawezayo kwenda kilometa 250 kwa saa, kutoka kiwanda cha AnsaldoBreda cha Italia. Kiwanda hicho kilitaja bei nafuu kuliko washindani wake. Garimoshi lenyewe halikuwapo bado. Lilikuwa mchoro juu ya karatasi. Liliahidiwa kwa mwaka 2007. Safari za Brussels zilianza tarehe 9 Desemba 2012.

Na hapo ndipo nitakapo utulie, msomaji wangu, kwa maana wengi hulipita jambo hili wakikimbilia kisa cha theluji. Siku ile ile Fyra lilipoanza, garimoshi la zamani liliondolewa. Halikupewa hata mwezi mmoja wa kwenda sambamba na lile jipya mpaka ijulikane lipi litasimama. Abiria akaambiwa sasa ni lazima aweke nafasi mapema, nauli ikapanda, watu wa The Hague wakaachwa kando kabisa. Wahenga wetu walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na waliyoyanena ni haya haya: jamvi bovu ulilo nalo ni lako, bali msala mzuri una mwenyewe, naye yuko njiani.

Siku za mwizi ni arobaini, nazo siku za Fyra hazikuzidi hapo. Tangu wiki ya kwanza magari yalichelewa, mengine yakavunja safari. Katikati ya Januari 2013 theluji ikaanguka, na mabamba ya chuma yaliyobanduka chini ya magari yakaonekana kando ya reli. Tarehe 18 Ubelgiji ikayapiga marufuku katika njia zake. Wakaguzi walipoyachungulia kwa chini waliona kutu, na sehemu zilizopigwa na mapande ya barafu. Kiwanda kilijitetea kuwa magari yaliendeshwa kwa kasi mno thelujini. Hebu fikiri mwenyewe: mtu anawauzia watu wa kaskazini gari la mwendo wa kasi, kisha anashangaa kwamba wameliendesha kwa kasi wakati wa baridi!

Basi twarudi kwa yule msemaji wetu wa barazani. Kwa hesabu yake, Wabelgiji wale walikuwa waoga waliotupa mali. Ningependa kumwuliza kama angempandisha mwanawe. Bamba la chuma likibanduka katika mwendo wa kilometa 250 kwa saa, halijali fedha zilizotumika zilikuwa ngapi. Aliyekataza safari hakupoteza hata senti moja. Fedha zilikuwa zimekwisha kupotea siku nyingi nyuma, mezani, mbele ya kalamu na mikataba, na hakuna aliyepiga kelele wakati huo. Sisi humlaumu mlinzi afungaye mlango, tukamsahau aliyejenga nyumba bila msingi.

Watu wengine husema kwamba magari yale hayakuwa mabovu, kwa kuwa shirika la reli la Italia liliyanunua baadaye, nayo yakaanza kubeba abiria huko mwaka 2019. Ni kweli yalinunuliwa. Lakini yalifanyiwa matengenezo kwanza, na miaka sita ilikuwa imepita. Kazi iliyofanywa baadaye ndiyo iliyopasa kufanywa kabla, tena kabla ya kumwondolea mtu garimoshi lake.

Katikati ya mwaka 2013 nchi zote mbili zilikuwa zimeyakataa. Waholanzi walikuwa wamelipa zaidi ya euro milioni 200 kwa magari 9 waliyokwisha kuyapokea. Walipoyarudisha, walipata milioni 125. Bunge lao likaunda kamati ya uchunguzi, na ripoti yake ya Oktoba 2015 haikupewa jina la kiwanda wala la reli. Iliitwa "Abiria katika Baridi". Wilma Mansveld, naibu waziri aliyesimamia reli, alijiuzulu siku ile ile ilipotolewa.

Lakini abiria hakungoja ripoti. Mnamo Februari 2013, mwezi mmoja tu baada ya marufuku ile, mabehewa ya kizamani yalifungwa tena kwenye injini, yakaanza kwenda Brussels mara chache kwa siku. Nayo yalianzia The Hague.