Kidonda cha punda huanzia kwenye tandiko

BARAZANI
Na Bakari Shee

Wahenga walisema punda afe, mzigo wa bwana ufike. Wangeishi Lamu ya leo wangeifikiria upya kauli hiyo. Katika vichochoro vya mji wetu wa kale, uliotiwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, gari halina njia. Saruji, mchanga na matofali hupanda mgongoni mwa punda. Punda akilala nyumbani na kidonda, mzigo haufiki, na mwenye punda analala bila kitu.

Tukiona kidonda hicho, haraka tunamlaumu kijana mwenye fimbo. Sheria nayo inamtazama yeye: Sura ya 360 ya sheria za Kenya inakataza kumtesa mnyama na kumbebesha kupita kiasi. Simtetei. Mifuko miwili ya saruji ni kilo 100, na punda wetu wengi hawafiki kilo 200. Lakini hata mzigo wa haki huchuna ngozi ukiwekwa juu ya gunia tupu na kukazwa kwa kamba ya nailoni. Mtu tunayemkosa hapo ni fundi wa matandiko.

Fundi anayeijua kazi yake haanzi na gunia wala ngozi. Anaanza na mnyama. Anapitisha kiganja mgongoni, atambue uti unapopita na nyama zilipojaa. Uti haufai kuguswa na mzigo. Kwa hiyo anashona mito miwili ya turubai, anaijaza sufi au majani makavu, kisha anaiunganisha akiacha mfereji katikati, ili uzito ukalie nyama za pande zote mbili. Punda hana mabega yaliyoinuka kama farasi, na akiteremka tandiko humtelezea shingoni. Dawa yake ni mkanda mpana unaopita nyuma ya mapaja. Shogi, ile mifuko ya ukili inayoning'inia ubavuni, lazima ilingane kulia na kushoto. Upande mmoja ukizidi, tandiko linapinda na kukwangua.

Mkokoteni una hesabu yake. Ng'ombe husukuma nira kwa nundu, punda huvuta kwa kifua. Anayemvisha punda nira ya ng'ombe anamtafutia kidonda cha shingo.

Kwenye ngozi, fundi hushona kwa uzi mmoja wenye sindano mbili, moja huku na moja huku, zikipishana katika tundu lilelile. Uzi ukikatika mahali pamoja, mishono mingine inashika. Ni kazi ya polepole, na ndipo ilipo shida ya riziki yake: tandiko zuri linadumu, mteja harudi upesi, na kamba ya nailoni dukani ni rahisi. Mteja anapatana bei ya leo tu, hahesabu siku ambazo punda atakaa bila kazi. Nani atamrithisha mwanawe ufundi wa namna hiyo?

Wenzetu wa Paris walilijibu swali hili kwa pesa. Hermès, inayouza mikoba kwa bei ya kutisha, ilianza mwaka 1837 kama karakana ya hatamu na lijamu za farasi, na mpaka leo mikoba yake inashonwa kwa mshono uleule wa sindano mbili. Farasi waliondoka barabarani, ufundi ukabaki kwa kuwa ulipata wa kuulipia. Sisi punda wetu bado wako kazini, ila fundi wao hana mlipaji.

Tangu mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary limekuwa likitibu punda wa Lamu bila malipo, na linastahili shukrani. Lakini dawa ikipakwa leo na kamba ileile ikakazwa kesho, daktari anarudi palepale. Na punda wenyewe wanapungua: sensa ya mwaka 2009 ilihesabu takriban milioni 1.8 nchini Kenya, ile ya 2019 kama milioni 1.2, na biashara ya ngozi zao ni sababu mojawapo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Uamuzi huo unamwokoa na kisu. Haumwokoi na tandiko baya.

Vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa serikali za kaunti, na tayari vinafundisha ushonaji na useremala. Kaunti zinazotegemea punda ziongeze somo la matandiko, ziwaite mafundi wazee waliobaki wawe walimu, na ziwalipe. Nawe mwenye punda, kabla ya kununua punda wa pili, mshonee tandiko huyu uliye naye. Ndiye anayekulisha.