Mtoto Amle Zimwi

Kosa ni langu, na kabla sijamnyooshea mtu kidole yanipasa nilikiri. Likizo ya Agosti nilikwenda Kitale kumtazama mwanangu, aliyehamia huko kwa kazi. Nikamkuta mjukuu wangu, mwenye miaka 5, hataki kula usiku. Mama yake alimbembeleza hata akachoka. Nami, kwa ule ujuzi wetu wa wazee wa Pwani, nikamwambia: "Kula, bwana mdogo. Usipokula litakuja zimwi la pango la Kitum."

Pango hilo lipo kweli, katika Mlima Elgon, magharibi ya Kitale. Limeingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200, na usiku ndovu huingia humo gizani, wakakwangua mawe kwa pembe zao ili wapate chumvi. Habari za ndovu mtoto alikwisha kuzisikia. Zimwi nililiongeza mimi. Usiku ule alikula tonge tatu, macho yake mlangoni. Usiku wa pili hakula hata moja, na kulala peke yake akakataa.

Ndugu wasomaji, nani kati yetu hajafanya hivi? Tumelelewa kwa mazimwi, nasi twalea kwa mazimwi. Lakini mtoto anayekula kwa hofu hajifunzi kupenda chakula. Hujifunza kwamba sahani na zimwi ni jamaa moja, akiiona hii hulikumbuka lile. Na sisi tuliokaa chuoni tulifunzwa njia nyingine. Umar bin Abi Salama alikuwa mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (S.A.W.), na mkono wake ulikuwa ukizunguka-zunguka sahanini. Hakutishwa wala hakufukuzwa. Alielekezwa kwa upole ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale cha mbele yake. Naye akaishika adabu hiyo tangu siku ile.

Dawa ya kosa langu niliipata Bungoma. Mke wa mwanangu ni mzaliwa wa huko, na Jumamosi ile tulikwenda kwa mamake, ambaye wajukuu humwita Kukhu, yaani nyanya kwa Kibukusu. Alipopata habari hakunilaumu, alicheka tu. "Babu," akaniambia, "kama zimwi limeingia nyumbani, basi na tulipike."

Akachemsha viazi vitamu vya rangi ya njano na maharagwe, akaviponda pamoja vikawa mushenye, chakula wakijuacho sana watu wa huko. Akamnawisha mtoto mikono, akaweka bonge kwenye sinia, akamwambia alifinyange. Kikatokea kichwa. Macho yakawa vipande viwili vya yai la kuchemsha, na katikati ya kila kimoja punje ya haragwe. Meno yakawa mahindi mabichi ya Kitale, yaliyochemshwa. Pembe zikawa karoti. Nywele zilitoka kwangu: nazi niliyoileta zawadi kutoka Mombasa, tukaikuna. Ngozi tukainyunyizia ufuta uliokaangwa. Mtoto akalitazama zimwi lake, akacheka, akaling'oa jicho akalila. Kisha pembe. Kisha pua. Nikaona nimefunzwa, uzee wangu na mashairi yangu vyote.

Katika zimwi lile hatukutia sukari hata chembe. Viazi vya njano vina vitamini A. Mapema katika miaka ya 2010 mama wajawazito wa Bungoma na Busia walipewa kliniki hati za kujipatia marando ya kupanda ya viazi hivyo. Maharagwe hujenga mwili, ufuta una madini ya mifupa. Aliye Lamu au Mombasa atumie boga, ndizi mbivu, papai, zimwi halichagui.

Ila tuangalie. Kisu kishikwe na mtu mzima. Karanga nzima asipewe mtoto mdogo, zaweza kumsakama, zisagwe. Na karanga au mahindi yaliyoota ukungu yatupwe, kwani yaweza kuwa na sumu iitwayo aflatoksini, ambayo kuchemsha au kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki ya Kenya kwa mahindi ya namna hiyo. Hilo ndilo zimwi la kuogopwa, nalo halina pembe.

Najua ng'ambo kuna usiku wao wa Oktoba 31, ambapo watoto hujivika sura za kutisha na kugonga milango wakipewa peremende. Siuombi uletwe kwetu. Hadithi za mazimwi tunazo tele, na Wabukusu wana zao za kamanani. Wala hatuna haja ya kununua meno mabovu.

Tuliporudi Kitale mtoto alikula. Lakini nisiwadanganye: hadi naondoka alikuwa bado akilala taa ikiwaka. Hofu niliyoipanda kwa neno moja haikung'oka kwa mlo mmoja. Basi, wazee wenzangu, tusiliite tena zimwi litusaidie kulisha. Tukilitaja, na tumpe mtoto alifinyange kwa mikono yake, aseme Bismillahi, alile.