Uhuru wenye masharti: tujifunze kwa Kuba

 

Wengi wetu tuliotoka Fizi na Uvira tulikua tukisikia wazee wakisema kwamba Wakuba waliwahi kufika kwetu. Siyo hadithi ya uongo. Mwaka 1965 Che Guevara na wenzake walivuka Ziwa Tanganyika kutokea Kigoma, wakaja kupigana pamoja na waasi wa huko. Tukajiuliza: watu wa kisiwa cha mbali vile walitoa wapi hasira ya kuja kupigana kwetu? Tulipofuatilia historia yao, nyuma kabisa tulikuta karatasi. Na karatasi hiyo inatuhusu sisi wa kambini kuliko hata bunduki za Che.

Ni hivi. Kuba ilikuwa koloni la Hispania. Wakuba walipigana miaka mingi kutafuta uhuru. Kiongozi wao José Martí alikuwa mtu wa uhamishoni kama sisi, aliishi muda mrefu New York, akarudi nyumbani mwaka 1895 na kuuawa vitani mwaka huohuo. Mwaka 1898 Marekani nayo ikaingia vitani dhidi ya Hispania. Bunge lake lilitoa ahadi nzuri kwa maandishi: hatuna nia ya kutawala Kuba, amani ikirudi kisiwa tutawaachia wenyewe. Hispania ikashindwa. Mkataba wa amani ukasainiwa Paris, na Wakuba hawakuwepo mezani. Jeshi la Marekani likabaki linatawala.

Tuseme ukweli, jeshi hilo lilifanya na mazuri. Homa ya manjano ilikuwa inaua watu wengi. Daktari wa Kuba, Carlos Finlay, alikuwa ameshasema tangu 1881 kwamba mbu ndiye anaieneza. Mwaka 1900 madaktari wa Marekani wakathibitisha, Havana ikasafishwa, ugonjwa ukapungua. Lakini msaada huo nao ukageuzwa kuwa sharti.

Mwezi wa 3 mwaka 1901, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya fedha za jeshi lake. Ndani yake vikachomekwa vifungu vilivyobeba jina la seneta Orville Platt. Kuba isifanye mkataba na nchi nyingine wa kuhatarisha uhuru wake. Isikope kuliko uwezo wake. Iendeleze usafi wa miji. Itoe ardhi kwa kambi za jeshi la maji la Marekani. Na kubwa kuliko yote: Marekani iwe na haki ya kuingilia kati, eti kulinda uhuru wa Kuba. Vyote hivyo viingie kwenye katiba ya Kuba, la sivyo jeshi haliondoki.

Wajumbe wa bunge la katiba walibishana sana. Mwishowe wakapiga kura: 16 wakakubali, 11 wakakataa. Tarehe 20 Mei 1902 bendera ya Kuba ikapandishwa. Watu wakacheza barabarani. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa jirani.

Sasa tusikilize vizuri hapa. Sisi tunaona ubaya mkubwa wa kifungu kile haukuwa askari. Ubaya ulikuwa kwamba kiligeuza macho ya viongozi. Mwaka 1906 uchaguzi ulileta ugomvi. Rais Estrada Palma hakukaa chini na wapinzani wake wamalizane. Yeye mwenyewe aliiomba Marekani iingie. Ikaingia, ikatawala mpaka 1909. Kama anayekuweka na kukutoa yuko Washington, kwa nini uhangaike na mwananchi wa kijijini?

Vifungu vingi vilifutwa mwaka 1934. Ila Guantánamo, ardhi iliyokodishwa mwaka 1903, ilibaki. Ule mkataba wa 1934 unasema ukodishaji hauishi mpaka nchi zote mbili zikubali, au Marekani iondoke yenyewe. Ni mpangaji ambaye mwenye nyumba hawezi kumtoa. Na miaka ya 1990, Wahaiti na Wakuba waliokimbia kwa mashua walishikwa baharini wakawekwa palepale Guantánamo, kwenye mahema, nyuma ya waya. Mwaka 1994 Wakuba peke yao walizidi 30,000. Karatasi ya 1903 ikawa kambi ya wakimbizi.

Hatusemi kila shida ya Kuba imeletwa na jirani. Wengi wa wale wa mashua walikuwa wanaikimbia serikali yao wenyewe, na mkimbizi hamcheki mkimbizi mwenzake.

Lakini turudi kwetu. Kikundi chetu kiliwahi kupewa karatasi ya mradi, ya Kiingereza, siku ileile ya kusaini. Tukaambiwa muda umeisha. Tukasaini, maana vijana walikuwa wanasubiri vyerehani. Baadaye ndipo tukajua kuna kifungu kwamba shirika linaweza kubadilisha viongozi wetu. Vyerehani vilikuja, tunashukuru. Ila tangu hapo, kukitokea ugomvi, viongozi hawaitishi mkutano. Wanakimbilia ofisini kwa mfadhili. Estrada Palma tunaye hapahapa.

Ndugu wa mashirika, hatukatai masharti. Hela ya watu lazima ilindwe. Tunaomba karatasi ije kwa Kiswahili, ije wiki moja kabla, na kuchagua viongozi tuachiwe wenyewe. Na sisi vijana tuache uvivu. Tusome mpaka kifungu cha mwisho, tuulize, na tukigombana tumalizane chini ya mwembe wetu kwanza.

Nyie kwenye vikundi vyenu, nani alisoma karatasi kabla ya kusaini?