Risala ya Wamama wa Sandoa Juu ya Maumivu Yenye Tarehe

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Lualaba, Kolwezi. Kwa Waziri wa Afya wa Jimbo. Na kwa Munganga Mkuu wa Zone ya Afya ya Sandoa.

Waheshimiwa,

Sisi ni wamama wa Sandoa: walimaji wa muhogo na mahindi, wachuuzi wa sokoni, na walimu wawili watatu. Tunaumwa mwili mzima, toka shingo mpaka nyayo, kwa miezi na miaka. Tunalala, tukiamka tumechoka kuliko jana. Mtu anatajiwa bei ya mawese sasa hivi, akigeuka ameisahau. Eksirei haionyeshi kitu, damu haionyeshi kitu, basi tunaambiwa ni mawazo, ni uvivu, au kuna mtu katuroga.

Ugonjwa wa sura hii una jina, fibromialjia, na Shirika la Afya Duniani linautambua. Madaktari wa Marekani waliuwekea vigezo mwaka 1990, wakavirekebisha 2010 na 2016. Hauhitaji mashine. Unahitaji munganga akae, aulize, asikilize: maumivu yaliyoenea kwa miezi 3 au zaidi, uchovu, usingizi usioburudisha. Hatusemi kila mmoja wetu anao. Tunasema hatujaulizwa.

Na swali tunalolitaka zaidi ni la hedhi. Nchi hii ya Waruund inamjua malkia Ruwej wa kale, na Rukonkesh, mama mkuu wa ufalme, ana baraza lake; hatuoni haya kutaja mambo ya wanawake mbele ya wakuu. Mwenzetu mmoja alichukua daftari la mtoto, akaweka alama ya msalaba kila siku aliyoshindwa kunyanyua mchi. Misalaba imesongamana siku chache kabla ya damu, kisha ukurasa unakuwa mweupe. Wengine hedhi imeanza kurukaruka: joto la ghafla usiku, jasho, na tangu hapo mwili haujatulia. Wataalamu wanaeleza kwamba estrojeni na projesteroni hugusa namna ubongo unavyopokea maumivu, na kwamba zinapoyumba usingizi nao huvurugika. Asiyelala huumia zaidi. Tafiti hazijakubaliana, kwa maana wapo ambao mwezi hauwabadilishii chochote. Hata kwetu wapo. Ndiyo sababu kila mmoja aulizwe habari zake.

Sasa tazameni fishi ya mwenzetu huyo mwenye daftari. Malaria. Malaria. Tifo. Malaria. Katundikwa serumu ya kwinini mpaka masikio yakavuma, mbuzi wakauzwa, maumivu yakabaki pale pale. Tarehe ya hedhi imeandikwa mara moja tu, alipokuwa na mimba. Wengine tumechomwa sindano za deksametazoni, ambazo kwa ugonjwa huu hazitibu kitu na huku zinapandisha sukari na presha.

Hatukatai kwamba malaria ipo, imetuzikia watoto. Tunakataa iwe jibu la kila mwili wa mwanamke.

Tunaomba wauguzi wa vituo vyote wafundishwe kuutambua ugonjwa huu na kuandika kwenye fishi tarehe ya hedhi, au mwaka ilipokoma, hata kama mgonjwa hana mimba. Tunaomba damu ipimwe kwanza wekundu wake, na sampuli zipelekwe Kolwezi kupima tezi la shingo, kwa sababu tezi likilegea huleta uchovu na maumivu yanayofanana sana na haya, na lenyewe lina dawa. Amitriptilini ya dozi ndogo usiku huwasaidia baadhi ya wagonjwa. Ni dawa ya zamani, ya bei ndogo, iwepo katika famasi ya hospitali. Na aletwe mtu wa kufundisha mazoezi, kwa kuwa ndiyo tiba inayopendekezwa kwa uzito kuliko zote. Tunajua mtacheka: mama anayepandisha beseni la muhogo kutoka mtoni afanye zoezi gani tena? Kubeba mpaka kuanguka, kisha kulala siku tatu, hakuitwi zoezi.

Serikali ilianzisha mwaka 2023, Kinshasa, mpango wa kujifungua bure. Tunaushukuru. Lakini mwanamke anaishi miaka mingi kabla ya maternite, na mingi baada yake.

Fedha, mtasema. Sheria ya Madini iliyorekebishwa 2018 inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha, na asilimia 15 eneo linalochimbwa. Migodi mikubwa iko Kolwezi na Fungurume, kwa hiyo asilimia 15 hiyo hatuidai. Ile 25 ni ya Lualaba nzima, na Sandoa ni Lualaba. Tunataka fungu la vipimo na dawa tulizotaja liandikwe wazi katika bajeti ya jimbo ijayo.

Jibu lije kwa maandishi, lisomwe kanisani na sokoni, kabla mvua hazijaharibu njia ya Kasaji. Tukikaa bila jibu, wajumbe wetu watapanda lori kuja Kolwezi, na fishi zetu watazibeba.

Wamama wa Sandoa