AFYA YA JAMII: Ni Nani Azoaye Mizoga Mwilini?

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kumuuguza mtoto aliyechomwa na mwiba. Kidole huvimba, huwa chekundu, hupata joto na kuuma. Dalili hizo nne ziliandikwa na Mrumi Celsus karibu miaka elfu mbili iliyopita. Baada ya siku chache uvimbe hunywea, na mama huishukuru dawa aliyopaka. Lakini je, umewahi kujiuliza uvimbe ule umekwenda wapi?

Kwa muda mrefu hata mabingwa walidhani kwamba uvimbe hufifia wenyewe, kama moto uliokosa kuni. Sasa imedhihirika kuwa sivyo: moto huo una wazimaji wake.

Mwiba uingiapo, chembechembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili huwasili katika muda wa saa chache. Humeza vijidudu na kumwaga sumu ya kuviua. Taabu ni kwamba sumu hiyo haichagui. Huunguza na nyama yetu wenyewe. Kwa hiyo neutrofili hazikuumbwa kukaa. Hufanya kazi kwa muda mfupi, kisha hufa. Usaha uuonao katika jipu, kwa sehemu kubwa, ni mizoga yao.

Hapo ndipo penye ajabu. Seli ifayo kwa utaratibu haipasuki. Hunywea na kujigawa vipande vidogo vilivyofungwa barabara, sumu ikiwa ndani. Mwaka 1972 wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie walikiita kifo hicho apoptosisi, neno la Kigiriki linalotaja kupukutika kwa majani. Seli hiyo hutoa pia ishara: mafuta fulani yakaayo upande wa ndani wa utando wake hugeuzwa nje, kama mtu aliyevaa shati ndani nje. Walaji wakubwa, yaani makrofeji, huiona ishara hiyo wakaja kuimeza.

Walaji hawa tunawajua kwa hisani ya Élie Metchnikoff. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, aliwachoma kwa miiba ya waridi watoto wa kiti cha pweza, wadogo na wang'avu kama kioo. Kesho yake akaona seli zimeuzingira mwiba. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Asilolijua yeye ni kwamba makrofeji, akishaumeza mzoga, hubadili kauli. Aliyekuwa akiita askari sasa hutoa kemikali za kutuliza, na ujenzi wa nyama mpya huanza. Kemikali nyingine za kutuliza, resolvini, ziligunduliwa Marekani na Charles Serhan na wenzake. Mwili huzitengeneza kutokana na mafuta ya aina inayopatikana kwa wingi katika samaki. Hata hivyo, usije ukadhani kwamba sahani moja ya dagaa itaponya jipu!

Uzoaji ukilegea, mambo huharibika. Mizoga isiyomezwa hupasuka, na yaliyomo ndani ya kiini cha seli humwagika. Mwili huweza kuyadhania kuwa adui ukayatengenezea kingamwili. Jambo hili lina sehemu yake katika ugonjwa wa lupasi, ambao huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa. Watu wachache wanaozaliwa bila protini iitwayo C1q, mmoja wa wasaidizi wa uzoaji huo, karibu wote hupatwa na ugonjwa wa namna hiyo. Basi mama akiumwa viungo miezi kadhaa, akatokwa na vipele usoni na kuchoka pasipo sababu, msiharakishe kusema amerogwa. Mpelekeni hospitali apimwe damu na mkojo, kwa kuwa lupasi huweza kuharibu figo kimyakimya.

Na jipu je? Tafadhali usilikamue, hasa la usoni. Usaha huweza kusukumwa ndani zaidi. Likande kwa kitambaa safi cha maji ya vuguvugu, uwaachie wazoaji kazi yao. Lakini homa ikipanda, au ukiona mstari mwekundu ukipanda mkononi au mguuni, usingoje kesho.