Hela ya Corona Vyuoni: Mwenye Bilioni 40 Kawekewa Fungu, Mgeni Kapigwa Chini

Machi 2020 Marekani ilipitisha sheria ya dharura ya CARES, na humo vyuo vikatengewa karibu dola bilioni 14. Kwenye mgao mkuu, angalau nusu ilitakiwa ifike mikononi mwa wanafunzi wenyewe: msosi, kodi, kompyuta ya kusomea. Kwenye karatasi, safi kabisa.

Mkeka ulipotoka, Harvard nayo imo, dola milioni 8 na ushee. Chuo chenye hazina ya zaidi ya bilioni 40! Fomula ilihesabu wanafunzi, hasa wa familia za kipato cha chini, haikuangalia chuo kina nini benki. Mitandao ikachafuka, mkubwa wa Ikulu ya kule naye akadandia, akataka hela irudishwe. Chuo kikajibu kwamba zote zilikuwa za wanafunzi. Kesho yake kikazikataa. Watu wakapiga makofi, wakalala.

Ila stori kubwa haikuwa hiyo. Aprili ile ile Wizara ya Elimu ya kule ilisema anayepewa ni yule tu mwenye sifa za misaada ya masomo ya serikali kuu. Yaani wageni wenye viza ya masomo, nje. Vijana waliopelekwa kule wakiwa wadogo bila vibali, nje. Na Wabongo na Wakenya wanaosoma kule wengi wapo kwenye kundi hilo la viza.

Chukulia dada katoka Mwanza. Viza inamruhusu kazi za ndani ya chuo, mwisho saa 20 kwa wiki kipindi cha masomo. Chuo kimefungwa, kantini aliyokuwa anaosha vyombo imefungwa. Bweni anaambiwa ahame (Harvard waliwapa watu siku 5 tu). Ndege za kurudi hazieleweki. Huku nyumbani kila mtu anajua yupo Marekani anakula bata, na bado anapigwa mizinga.

Huyo ndiye aliyeambiwa hana sifa. Kelele za Harvard zilichukua siku chache kuleta matokeo. Za huyu dada? Mpaka Mei 2021, chini ya uongozi mpya, ndipo wizara ikasema mwanafunzi yeyote aliyekuwa chuoni tangu janga lianze anaweza kupewa, awe raia au mgeni.

Sawa, lakini kodi ya Aprili 2020 mwenye nyumba aliitaka Aprili 2020.